Urefu ni Deni

Turner, jimbo la Maine. Machi,
theluji imebaki mabaka tu nyuma ya ghala.
Baridi ya huku huyasukuma mawe kutoka chini,
shamba likazaa mawe kabla ya kuzaa viazi.
Rosaire Thibodeau anagonga kwa buti utosi wa moja,
limejikunja kama kondoo aliyelala,
ananiambia: Nitengenezee mkono.
Wa futi kumi. Ukae nyuma ya trekta.

Nachora kwa chaki sakafuni mwa gereji.
Mikono miwili ya chini, hapa na hapa.
Kiungo cha juu, hapa.
Pembetatu, maana pembetatu haibembelezeki.
Kisha boriti, na boriti nyembamba ndani yake
ya kuvutwa na kurudishwa, na pini ya kuifunga.
Anachuchumaa, magoti yanalia,
ananinyang'anya chaki, anaurefusha mstari
hadi mlangoni.
Naufuta kwa soli ya kiatu.

Sikiliza. Jiwe likiwa karibu na ekseli
lina uzito wake, basi.
Lisogeze nyuma hatua moja, mbili:
ni lile lile, halijala, halijanenepa,
ila trekta linalihisi mara tatu.
Urefu ni deni, Rosaire.
Unakopa nyuma,
magurudumu ya mbele ndiyo yanayolipa,
na yakifilisika
yananyanyuka.

Hajibu. Anatazama dirishani, kwenye mteremko
ambako kaka yake Normand, zamani,
alifunga mnyororo wa gogo juu ya ekseli
badala ya chini.
Trekta lilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake.
Ilichukua muda mfupi kuliko kukohoa, anasema.
Nilikuwa nimeshika thermosi. Nilibaki nimeshika thermosi.

Futi saba, basi.

Nilijifunza kulehemu Changamwe, kwa mjomba Shee Kombo,
aliyekuwa akigonga kila mshono kwa nyundo ndogo
na kutega sikio kama daktari.
Mshono mbovu haukugombezi, alisema,
unakungoja.
Nikagonga. Nikakata mmoja, nikaurudia.
Nikagonga tena.

Matundu matatu ya ndoano: karibu, kati, mbali.
Ndoano zenye ulimi wa kufunga, mzigo usiponyoke.
Hapa utaning'iniza injini ya pikapu,
hapa mizinga ya nyuki, hapa kulungu wa Novemba,
hapa birika la ng'ombe ambalo mkeo Lucille
amechoka kulisukuma kwa mgongo.
Na mbele ya trekta, vyuma vya uzani,
visivyofanya kazi yoyote
isipokuwa kukaa.

Kwetu husema mzigo wa mwenzio kanda la usufi.
Chuma hakiijui methali hiyo.

Kwa hiyo tulipima.
Pipa tupu kwenye tundu la mbali, shibiri moja tu juu ya ardhi.
Chini ya tairi la mbele nikabana ukurasa
wa orodha ya mbegu, wenye picha ya biringani.
Rosaire akamimina maji ndoo kwa ndoo,
mimi nikivuta karatasi taratibu kila mara.
Ndoo ya nne, imeshikwa. Ya saba, imeshikwa.
Ya tisa,
biringani likachomoka mkononi mwangu
bila kuchanika.

Kilo mia mbili, pamoja na pipa.
Nikachukua rangi nyeupe, nikaandika kando ya tundu:
100.

Rosaire akavua kofia, akakuna kichwa.
Na mia nyingine?
Sikusema jina. Alilisema mwenyewe,
kwa sauti ya chini, huku akifunga koki.

Jumamosi aling'oa lile jiwe kwa tundu la karibu.
Udongo ulilinyonya kidogo, ukaliachia
kwa sauti kama ya busu,
na shimo likabaki na maji na mnyoo mmoja.
Hakulipandisha juu. Alikwenda nalo chini chini
hadi ukutani, gia ya kwanza,
kama mtu aliyebeba sinia la chai ya wageni,
akigeuka nyuma kutazama,
akigeuka tena.